Monita ya pili iliyogoma kwenye 1024x768, nilivyoibana kwenye Linux Mint

Nina kistationery changu Majengo hapa Moshi, na kazi kubwa ya pale ni kutype mitihani ya shule. Siku hizi walimu hawaleti hata karatasi, wanapiga picha kurasa walizoandika kwa mkono wanatuma WhatsApp, saa nyingine picha imepinda na kidole gumba kimeziba swali la nne, we unatakiwa usome hapo utype hapa. Kwa laptopu peke yake unahama dirisha huku na kule mpaka unasahau ulikua swali la ngapi. Ndo nikatafuta monita ya pili, picha zikae kule, LibreOffice ikae huku, basi.

Laptopu ni ThinkPad T430, mzee wa 2012 lakini hafi, ina Linux Mint ya Xfce (mfumo wa kompyuta badala ya Windows, toleo jepesi). Monita ni Dell used ya inchi 22, kioo safi hakina doa, uwezo wake 1920x1080, yani pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Nyuma ina VGA, DVI na DisplayPort, na laptopu ina VGA na ile mini DisplayPort. Kebo ya mini niliiulizia madukani nikakosa, wengine wananiletea ya HDMI wanasema "si inaingia hii", haya, nikarudi kwenye VGA niliyopewa na muuzaji wa monita bure kabisa.

Nikachomeka, ikawaka. Ila ilivyowaka sasa. Maandishi manene kama yametypiwa na mtu mwenye hasira, picha imevutwa kwa upana, duara la swali la geometry la fomu two limekua yai. Nikaingia kwenye Display, badala ya kukuta jina la Dell nakuta imeandikwa VGA-1 tu, na resolusheni ya juu kabisa ni 1024x768, chini yake 800x600, 848x480 na 640x480. Hamna kingine. 1920x1080 haipo kwenye orodha, utaichaguaje kitu hakipo?

Kila anayepita pale dukani ana dawa yake. Mmoja "hiyo Linux ndo shida mangi, weka Windows". Mwingine anasema nitafute drayva ya Intel, yani programu inayoendesha kadi ya picha, niistol upya. Sasa hili la drayva naomba niliseme vizuri maana linapotezea watu muda sana: kwa kadi za Intel drayva inakuja ndani ya kerneli yenyewe (moyo wa Linux), inaitwa i915, kama kioo cha laptopu kinaonyesha vizuri basi drayva ipo na inafanya kazi. Huna cha kudaunlodi. Ukianza kuistol na kufuta vitu vya Xorg (programu inayochora picha kwenye kioo) bila kujua unatafuta nini utaishia na laptopu ambayo hata kioo chake chenyewe hakiwaki, na hapo ndo Windows itawekwa kweli.

Mi nikaona kabla ya kugusa mipangilio yoyote niiulize kerneli yenyewe inaona nini. Teminali:

grep . /sys/class/drm/*/status

Inakuletea kila pota ya picha na hali yake. Kwangu LVDS-1, ambayo ndo kioo cha laptopu, connected. VGA-1, connected. Zingine disconnected. Kwa hiyo kerneli inajua kuna kitu kimechomekwa. Nikaenda hatua ya pili, na kwa maoni yangu hii ndo komandi ya muhimu kuliko zote kwenye hii stori:

wc -c /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid

Jibu: 0. (Kwangu ni card0, kwako inaweza kuwa card1, angalia jina lililotoka kwenye komandi ya kwanza.)

Hiyo sifuri ndo kila kitu. Iko hivi, kila monita ina kichipu kidogo ndani kimehifadhi taarifa zake, kampuni iliyoitengeneza, modeli, wiki na mwaka, na resolusheni inazokubali na ipi inaipenda zaidi. Taarifa hizo zinaitwa EDID na kipande chake cha msingi kina baiti 128. Unapochomeka, laptopu inaiuliza monita, monita inajibu, ndo unaona jina la Dell na 1920x1080 inajiweka yenyewe. Yangu ilikua imejibu baiti sifuri, yani haijajibu kitu. Kwenye VGA laptopu inaweza kuhisi kwa umeme tu kwamba kuna mzigo upande wa pili wa nyaya za rangi, kwa hiyo inasema connected, lakini ni nani huyo haijui, na kwa kua haijui inakupa zile resolusheni za usalama ambazo karibu kila kioo kinaziweza. Linux haijakosea hapo. Imenyimwa taarifa.

Sasa siku hiyo nilikua na mitihani ya mock ya shule mbili na mwalimu wa hesabu amekaa kwenye benchi anasubiri ya kwake, kwa hiyo nikaamua niilazimishe kwanza, chanzo nitakitafuta baadae. Kwenye X11, yani mfumo wa picha wa hiyo Xorg, unaweza kuitungia monita resolusheni kwa mkono. Komandi ya cvt 1920 1080 60 inakupa mstari mrefu wa namba unaanzia 173.00, nikauweka, monita ikawa nyeusi alaf ikaleta kiboksi kwamba timing hiyo haiiwezi. Usiogope hapo, monita flati ikiletewa kitu isichokiweza inakataa tu, subiri au rudisha kwa laptopu. Nikaachana na za cvt nikatumia namba za kawaida za 1080p:

xrandr --newmode "1080dell" 148.50 1920 2008 2052 2200 1080 1084 1089 1125 +hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1080dell
xrandr --output VGA-1 --mode 1080dell --right-of LVDS-1

Ikakubali papo hapo. Mwalimu akasogea anaangalia zile namba, akaniuliza 148.50 ni nini, nikamwambia, "Mwalimu, hizo ni pikseli milioni kwa sekunde, chukua 2200 zidisha 1125, zidisha 60." Akatoa simu akapiga, 148,500,000 kamili. Alifurahi huyo mzee utadhani yeye ndo kaitengeneza. 2200 na 1125 ni jumla ya upana na urefu pamoja na zile sehemu za pembeni zisizoonekana, ndo maana zinazidi 1920 na 1080.

Picha ilikua imesogea kidogo kulia, ukingo wa kushoto una mstari mweusi, na herufi zina kaukungu. Hiyo ni kawaida ya VGA kwa sababu ni analogi, monita inakadiria picha inaanzia wapi. Bonyeza Auto Adjust kwenye vitufe vya monita yenyewe huku kioo kikiwa na kitu cheupe kilichojaa, mi nilifungua ukurasa mtupu wa Writer ukajaa skrini nzima, ikajipanga. Ukifanya hivyo ukiwa na desktopu nyeusi inashindwa kuona kona ziko wapi.

Jambo lingine, hizo komandi ukizima laptopu au ukilogaut zinapotea. Nikaziweka zote kwenye faili la ~/.xprofile, LightDM ya Mint (programu ya kulogin) inalisoma ukilogin. Na ukirudia --newmode kwa jina lile lile bila kuzima utapigwa na erra ya BadName inayolalamika kuhusu jina la rangi au fonti, wala haihusiani na rangi wala fonti, ni kwamba hilo jina la mode lipo tayari. Sijui aliyeandika ile erra alikua anawaza nini.

Ningeweza kuishia hapo na wengi wanaishia hapo, kazi inaenda. Ila ile sifuri ilikua inanikera. Monita haijibu, kwanini haijibu? Ama kichipu kimekufa, ama pota ya laptopu, ama waya. Cha bei rahisi kukipima ni waya.

Nikaichomoa nikaimulika na tochi ya simu. Plagi ya VGA ina pini 15, safu tatu za tano tano. Pini ya 9, kwenye safu ya kati, kebo nyingi hazina na sio ishu. Lakini zinazobeba mazungumzo ya EDID ni ya 12 na ya 15, zote safu ya mwisho. Kwangu pini zilikuepo kwa macho, hazijapinda, zinang'aa. Nikaenda nayo Mbuyuni kwa fundi redio mmoja anayetengeneza na TV, nikamweleza nataka apime ya 12 kwa 12 na 15 kwa 15. Akaniangalia, "Mangi, we unapima waya wa bure?" Nikamwambia pima tu kaka. Akaweka mita kwenye ile sehemu inayopiga mlio waya ukiwa mzima, akaanza na pini ya kwanza, mita ikapiga piii. Ya pili piii. Ya tatu piii, hizo ndo nyekundu, kijani na bluu. Ya 13 na 14 za kuseti picha, piii. Kumi na mbili, kimya. Akahisi hajagusa vizuri, akakwangua ncha kidogo, akagusa tena, kimya. Kumi na tano, kimya. Ye mwenyewe akaanza kupata hamu, akachukua kisu akachana ganda la kebo katikati, ndani nyaya ni chache na nyembamba kama uzi, hizo mbili hawakuziweka kabisa. Pini zipo kwenye plagi kwa urembo tu.

Kwa hiyo rangi zinapita, picha inaonekana, mteja anaondoka ameridhika, na Windows nayo ungechomeka huo waya ingekosa hiyo hiyo EDID. Nikaazima kebo nene ya jirani yangu wa internet cafe, ile yenye vifundo viwili vinene kila mwisho, nikarudia wc -c.

128.

Nikafungua Display, jina la Dell hilo hapo, 1920x1080 imejichagua. Nikaistol edid-decode nikamwaga lile faili ndani yake kwa udadisi, nikakuta mwaka wa kutengenezwa 2013, na muuzaji aliniapia "hii ya juzi juzi tu". Nikanunua kebo nene kama ile, na zile komandi kwenye .xprofile nikazifuta zote, kwa sababu monita ikishajieleza yenyewe huna sababu ya kuilazimisha, na siku ukibadilisha monita zile namba zitakuletea kioo cheusi ukilogin na utakua umeshasahau zimetoka wapi.

Sasa hii yangu ilikua VGA na X11, yako inaweza kuwa tofauti ila pa kuanzia ni pale pale. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE, ikikujibu wayland (mfumo mpya wa picha badala ya X11), kama Ubuntu za karibuni, Linux nyingine, zinavyokuja, xrandr --newmode haitakusaidia. Hapo ukitaka kulazimisha unapitia kwenye kerneli, unaongeza video=HDMI-A-1:1920x1080@60 kwenye mstari wa GRUB (programu inayoiwasha Linux), jina la pota ulitoe kwenye ile grep ya kwanza, usikopi langu.

Kuna dada anafanya bukingi za safari kwenye ofisi moja Njiro, Arusha, yeye aliniambia, "Kaka, HDMI yangu haionyeshi chochote, hata jina VGA-1 kama lako sina." Nikamwambia nitumie picha ya ile grep. Ikaja ina eDP-1 tu, yani kioo cha laptopu peke yake, pota ya HDMI haipo hata kama disconnected. Hiyo ni habari nyingine kabisa, maana kwenye laptopu nyingi zenye kadi mbili za picha, Intel na Nvidia pamoja, pota ya HDMI imeunganishwa kwenye Nvidia moja kwa moja, drayva ya Nvidia isipopanda na pota haipo. Huyu sasa ndo wa kuambiwa drayva. Akapiga sudo ubuntu-drivers install, akawasha upya, ikaja skrini ya bluu ya MOK (ufunguo wa kuidhinisha drayva), yeye akabonyeza Continue maana ndo ya kwanza, ikaingia kwenye Ubuntu bila HDMI kama mwanzo. Kwa laptopu yenye Secure Boot imewashwa (ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwaka) pale unachagua Enroll MOK alaf unaingiza ile pasiwedi uliyoulizwa wakati wa kuistol, vinginevyo kerneli inaikataa drayva na haikwambii kwa sauti. Ikabidi aombe ile skrini irudi kwa sudo mokutil --import ya lile faili la MOK.der lililoko /var/lib/shim-signed/mok, akawasha tena, akaenroll, HDMI ikatokea.

Na adapta za HDMI kwenda VGA angalia, lazima iwe na chipu ndani ya kugeuza dijitali kuwa analogi, yale mawaya matupu yenye HDMI huku na VGA kule bila kichipu kwa laptopu hayafanyi chochote hata uombe.

Kwangu kimebaki kidudu kimoja, laptopu ikilala na kuamka monita saa nyingine inabaki nyeusi wakati taa yake ni ya bluu. Sijakifuatilia, nimetengeneza skripti ya mistari miwili, xrandr --output VGA-1 --off alaf xrandr --output VGA-1 --auto --right-of LVDS-1, nimeiwekea shotkati ya kibodi Super (kile kitufe chenye alama ya Windows) na F8, nikiibonyeza inaamka.