Kokwa za pichesi zinataka baridi, si jiko

Mwaka juzi, huku kwetu Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nilipoteza kokwa arobaini za pichesi kwa kumsikiliza muuza miche mmoja. "Baba, baridi ya Makete itaziua hizo, ziweke karibu na jiko." Nikazipanda kwenye viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, nikavipanga jikoni, nikamwagilia miezi mitatu. Haikuota hata moja. Nilipozivunja, nyingi zilikuwa zimeoza, lakini chache ndani yake mlikuwa na mbegu nyeupe, nzima kabisa. Haikufa, ilikuwa imelala. Bado nina hasira na ushauri ule.

Mwaka jana nikafanya kinyume. Kokwa hamsini, nikaziloweka siku mbili, nikazifukia mwezi Mei kwenye ndoo kuukuu za rangi, mchanga na udongo wa msituni nusu kwa nusu. Mchanga ulinigharimu elfu nne au tano hivi, ndoo nilipewa.

Ninachojivunia hasa ni mahali nilipoziweka. Juni na Julai jua letu huegemea kaskazini, kwa hiyo nyuma ya nyumba, upande wa kusini, ni kivuli kutwa. Asubuhi nyingine nilikuta sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda juu ya mchanga, ukiubonyeza unavunjika kama ukoko. Mke wangu akaja na gunia azifunike. Nikamwambia, mama, acha, baridi hiyo ndiyo dawa yenyewe. Pichesi inahitaji kama miezi miwili hadi mitatu ya baridi ndipo iamke, na lazima iwe na unyevu. Kokwa kavu itapigwa baridi bure. Kipupwe chetu hakina mvua, basi kila siku ya tatu nilichomeka kidole, nikiona pakavu namwagilia.

Panya walifukua saba kabla sijaweka wavu wa kuku na mawe juu yake. Wekeni wavu siku ileile ya kupanda.

Mapema Septemba nilifukua moja kwa wasiwasi. Ilikuwa imepasuka kwenye mshono, na mzizi mweupe, mnene kama njiti ya kiberiti, umeinama kwenda chini. Niliwaita watoto wote waje waone. Zimeota ishirini na tisa, nikazihamishia kwenye viriba upesi kabla mizizi haijasukana.

Hii ni miche ya kubebeshea, yaani ya kuunganishia vikonyo vya mti unaozaa vizuri, maana kokwa haikuhakikishii tunda kama la mama yake. Mei hii ndoo ni nne, na moja nimepanda mbegu za matufaa.