Siku moja sokoni Kibaigwa, na Walawi 19 begani

Saa kumi na moja alfajiri

Lori la Kiteto limeingia usiku. Nimelijua kwa honi, na kwa simu za dereva ambazo sikuzipokea. Julai ndio mwezi wetu: mahindi ya Kiteto yanashuka, ya Kongwa yenyewe yanashuka, na Kibaigwa yote hapa kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma inanuka vumbi la magunia.

Nasoma Biblia kabla ya kuoga, maana nikishaoga mimi ni mfanyabiashara tayari, akili iko kwenye bei. Msimu huu nimeganda Walawi 19 na sina haraka ya kutoka. Najua watu wanaikwepa Walawi kwa ajili ya mafuta ya mbuzi na majipu ya ukoma, lakini sura ya 19, kama uamuzi ungekuwa wangu, ingebandikwa kwenye mlango wa kila ghala. Mstari wa 18 kila Mkristo anaujua: umpende jirani yako kama nafsi yako. Sasa soma kilichouzunguka. Masazo ya shambani. Ujira wa kibarua. Masengenyo. Mgeni. Mizani. Amri ya upendo iliwekwa katikati ya mazao na malipo, wala haikutengewa sura yake yenye maua.

Saa kumi na mbili na nusu

Nikifika sokoni kazi ya kwanza ni mizani. Stika ya Wakala wa Vipimo ipo, lakini stika haioni kilichotokea jana jioni kijana alipoiangushia gunia. Nina jiwe la kilo 20. Naliweka, nasoma, naliweka upande wa pili wa sahani, nasoma tena. Zikipishana, hatuanzi.

Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Hapo ndipo ninapoipenda Torati. Haikungoja uibe. Imekataza kuwa nayo tu, kwa sababu mwenye mawe mawili atakuja kupata siku ngumu, na siku ngumu itamchagulia jiwe. Sokoni kwetu jiwe la pili lina sura nyingi: debe lililogongwa kwa ndani likatanuka, au gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu hadi likalingana na mtoto wa darasa la kwanza. Sheria ya nchi inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100 na mazao yauzwe kwa uzito. Hapa Kibaigwa tunapima. Huko mashambani, nyuma ya nyumba ya mkulima, bado wapo wanaonunua kwa lumbesa na kumlipa kwa hesabu ya gunia moja.

Na kinachoniudhi ni kwamba lumbesa nayo imepata mstari wake. Nimemsikia mnunuzi kwa masikio yangu akimwambia mkulima, "Mzee, Bwana Yesu mwenyewe kasema kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Luka 6:38, neno kwa neno. Alisahau kwamba mstari unaanza na "wapeni", na kwamba unamhusu anayetoa kilicho chake, si anayeshindilia cha mwenzake.

Saa mbili

Wakulima wenyewe wameanza kushuka. Leo yuko mzee mmoja wa Kiteto, amesafiri na magunia yake juu ya lori, macho mekundu.

"Shikamoo mzee. Pole na safari."

"Marahaba mama. Tumefika, Mungu mwema."

Kijana wangu anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia la kwanza, punje zinamiminika kiganjani. Anazitazama, anakunja uso kama amelamba ndimu. Sura hiyo naijua, sote sokoni tunaijua. Ni sura ya kushushia bei. Punje zilikuwa safi kabisa. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi wa namna hiyo: asema haifai kitu, haifai kitu, halafu akiisha kwenda zake hujisifu. Mstari huo ni wa zamani kuliko shilingi, na bado unamkuta mtu wa Kibaigwa akiwa na bambo mkononi.

Nikamwita pembeni. Sikumhubiria. Nilimwambia: mbele yangu utasema unachokiona. Yakiwa na wadudu sema yana wadudu, yakiwa mazuri sema mazuri, bei tutaongea baadaye. Akanijibu kwamba wenzake wote wanafanya hivyo na mkulima mwenyewe anategemea afanyiwe hivyo. Ana hoja. Mkulima naye anapandisha bei ya kwanza akijua itashushwa, na kupatana bei si dhambi. Babu zetu wamepatana bei tangu kale. Lakini uso uliokunjwa juu ya punje nzuri ni ushuhuda. Ni wa uongo, na aliyeshuhudiwa ni jirani yako mwenye macho mekundu.

Saa nne

Hapa ndipo siku yangu inapokuwa na uzito.

Gunia la nane la mzee limetoa punje chache zenye ukungu wa kijani karibu na kitovu. Kipima unyevu kinasoma 15.8. Kiwango kinachotakiwa ni kisichozidi asilimia 13.5. Kwa mkulima asiye na kipimo tunamfundisha njia ya chumvi: chupa kavu, mahindi kidogo, chumvi kavu, tikisa, acha yatulie; chumvi ikiganda kwenye kioo cha chupa, mahindi bado mabichi, arudishe juani, na juu ya turubai, si juu ya udongo.

Mwaka 2016, mikoa hii yetu ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu. Walikula ugali. Sumu hiyo inatoka kwenye kuvu, inashambulia ini, haina ladha wala harufu ya kukuonya, na kupika hakuiondoi. Unaweza kusonga ugali mweupe, laini, ukashukuru mezani, na kifo kimo ndani.

Tangu mwaka ule, ile amri fupi, "Usiue", kwangu ilihama kutoka kwa majambazi ikaingia ghalani. (Mimi Mwanglikana naihesabu ya sita, karani wangu Mlutheri anasema ni ya tano, na Wakatoliki wako upande wake. Tumeshabishana hadi chai ikapoa. Namba zinapishana, amri ni ileile.) Na Walawi 19:14 inakataza kuweka kwazo mbele ya kipofu. Mbele ya sumukuvu mnunuzi ni kipofu. Mama wa Tandale, kule Dar, anayenunua kilo mbili za unga haoni gunia la nane. Ninayeliona ni mimi.

Ushauri wa kawaida sokoni ni kuchanganya: gunia moja baya ndani ya kumi mazuri, nani atajua. Tukayatenga magunia yote yaliyozidi unyevu. Yale mabichi tu, mzee atayaanika kwenye turubai zetu siku mbili tatu. La ukungu halinunuliwi, halichanganywi, halipelekwi kwa mfuga kuku. Tunalifukia.

Mzee hakufurahi. Gunia zima la jasho lake. Nilimlipa yaliyo mazuri kwa kilo, na la ukungu sikumlipa. Sitaki mtu adhani kwamba kushika amri ni kugawa pesa. Alikaa kimya kwa muda, akaniuliza kama na yale aliyoyaacha nyumbani kwa ajili ya watoto yanaweza kuwa hivyo. Nikamwambia apige simu nyumbani wayachambue sasa hivi, wasisubiri arudi. Alipiga.

Saa saba

Chakula kwa mama ntilie, wali maharage. Mazungumzo ya meza ni mfanyabiashara mwenzetu aliyeshikwa na mkopo. Kila mmoja ana sura yake ya habari hiyo. Mstari wa 16 wa sura yangu unahusu wachongezi wanaopita huku na huku kati ya watu. Nikala haraka nikaondoka, maana najijua, nikikaa nami nitaongeza chumvi.

Njiani akanisimamisha mama mmoja wa kijiji cha jirani. Anataka pesa ya ada, atalipa kwa mahindi ya msimu ujao. Biashara hii ipo miaka yote: mnampa mtu bei ya gunia moja wakati wa njaa, wakati wa mavuno anawaletea mawili. Watu wanaiita msaada. Kutoka 22:25 inakataza kumgeuzia maskini mkopo kuwa mtego wa riba, nami siifanyi. Lakini sikumpa pesa yote aliyotaka. Nimempa nusu, atarudisha kiasi kilekile, na simu aliyotaka kuniachia kama rehani nimemrudishia. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia rehani, kwa kuwa hilo ndilo uhai wa mtu. Siku hizi uhai wa mama wa kijijini uko kwenye simu: ndiyo benki yake, ndiyo kikoba chake, ndipo mtoto aliyeko Dar anapomtumia elfu kumi. Sura hiyohiyo inamzuia mdai kuingia nyumbani kwa mdaiwa kujichagulia rehani. Asimame nje, aletewe. Mikopo ya siku hizi inayoingia kwenye orodha ya majina ya simu yako na kumpigia mkweo kukutangaza, hiyo imeshavuka mlango kitambo.

Saa tisa

Mnunuzi wangu wa Tandale kapiga. "Mama, mahindi makavu?" Nikamtajia namba za kipimo kama zilivyo. Akataka kushusha bei kwa ajili ya lile fungu la 13.4, nikakataa, akakubali. Dakika nne, kwisha.

Saa kumi

Wapakiaji wanamaliza lori. Mshonaji wangu wa siku zote hayupo. Leo Jumamosi, yeye Msabato, na kazi yake aliimaliza jana kabla ya jua kuzama. Wa leo ni wa kuazima, nyuzi zake zimelegea, mahindi yanamwagika kila hatua.

Nyuma ya lori wapo akina mama na wasichana na nyungo na vifagio vya mkono. Wanazoa kilichomwagika, wanapepeta, jioni wanasaga. Kuna wenye maghala wanaowafukuza, wengine wanawatoza. Walawi 19:9 inamwambia mwenye shamba asivune hadi pembeni wala asirudie masazo. Ni ya maskini na mgeni. Boazi alizidisha, akawaambia vijana wake wamwachie Ruthu masuke kwa makusudi. Kwa hiyo kwangu hatufagii chini ya lori. Kijana wa kufagia anaanza wao wakishaondoka.

Ila kuna jambo hapa nililolifikiria sana. Ni rahisi kumwachia maskini takataka ukaziita masazo. Amosi aliwafokea wauzaji waliowauzia maskini takataka za ngano, na kumpa bure si tofauti kubwa kama kilichotolewa kinaua. Ndiyo maana gunia la ukungu limefukiwa kabla ya saa kumi, kabla nyungo hazijafika.

Saa kumi na moja na nusu

Malipo. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia, taslimu, jua likiwa bado juu. Biblia haikuzunguka: ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi, na Kumbukumbu la Torati inaongeza sababu, kwamba ni maskini na moyo wake umeutumainia. Mwenzangu mmoja huwalipa Jumatatu ili Jumatatu warudi. Ni mbinu nzuri ya biashara, na ndiyo hasa inayokatazwa. Kijana anayelala na deni langu hajala. Mimi nimekula kwa pesa yake.

Dereva anataka turudi kesho alfajiri tupakie lori la pili, "nyie mwende kanisani, vijana watapakia." Nilicheka. Amri ya sabato imewataja mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni kwa majina ya kazi zao, kama vile Mungu alimsikia dereva huyu mapema. Lori litapakiwa Jumatatu. Amechukia, anasema ataenda ghala la jirani. Huenda akaenda kweli.

Saa tatu usiku

Baba watoto ameleta hoja yake ya kila msimu: tufunge ghala hadi Januari, bei ikipanda ndipo tuuze. Nikamsomea Mithali 11:26, azuiaye nafaka watu watamlaani. Yeye si mtu wa kushindwa kwa mstari mmoja. Akaniletea Yusufu, aliyeweka sehemu ya tano ya mazao ya Misri kwa miaka saba na kuokoa watu. "Huyo naye alaaniwe?"

Nikamwambia aendelee kusoma hadi Mwanzo 47. Wamisri walianza kwa kutoa fedha, zikaisha. Wakatoa mifugo, ikaisha. Mwisho wakauza mashamba na wao wenyewe kwa Farao, yote kwa ajili ya nafaka iliyokuwa ghalani. Sijui kama Musa aliandika hayo kumsifu Yusufu. Kuhifadhi si kosa, nchi isiyohifadhi inakufa. Suala ni ukifungua mlango Januari unamfungulia nani, na kwa bei gani.

"Basi tuuze nusu sasa," akasema.

"Robo tatu."

"Mama, na ada ya Januari je?"

Tumefika theluthi mbili. Theluthi inayobaki itauzwa hapahapa Kibaigwa kwa kilo kuanzia kilo moja, haitapanda lori. Hilo la mwisho hajalikubali bado, anasema kuuza kilo mojamoja kutatumalizia muda. Jumatatu tutaendelea.