Nilivyomtafuta bibi Mnavajo wa mama mkwe wangu

Mama mkwe ni mzaliwa wa kusini mwa Colorado, na kwao wanaongea Kihispania. Alikuwa na neno moja tu: "Mama yake bibi mzaa mama alikuwa Mnavajo", yaani wa kabila moja la wenyeji wa asili wa Marekani. Basi. Jina hana, kijiji hana. Mimi, mtu wa Tanga niliyeolewa huku, nikajitia kutafuta.

Nilianza kwa kupotea. Miezi miwili nilipekua daftari za sensa ambazo serikali ya Marekani iliwaandika Wanavajo kati ya 1885 na 1940. Kila Begay na Yazzie nilimdhania ndugu, kumbe Begay limetokana na neno la Kinavajo la "mwanawe", na Yazzie ni "mdogo" tu. Ukoo wao haukai kwenye jina. Mtu huupata kwa mama yake, na akijitambulisha hutaja koo nne: wa mama, wa baba, wa babu mzaa mama na wa babu mzaa baba.

Isitoshe, bibi huyo hakuwemo kwa sababu hakuishi na watu wake. Miaka ya 1860, jeshi la Marekani likiwaswaga Wanavajo kwenda Bosque Redondo, kambi ya kuwafungia huko New Mexico, wavamizi waliteka wanawake na watoto wakawauza kwa familia za Kihispania. Mwaka 1865 wakala wa serikali, Lafayette Head, aliorodhesha mateka wa Conejos na Costilla, wilaya za kusini mwa Colorado. Wengi ni Wanavajo, wameshabandikwa majina ya kanisani. Hapo ndipo nilipopata akili: usimtafute mateka, mtafute bwana wake. Akina María hawahesabiki. Wenye nyumba walikuwa wachache.

Nikalishika jina la ukoo ambalo bibi yake mama mkwe alizaliwa nalo, nikalifuata kwenye orodha ile, kisha kwenye vitabu vya ubatizo, mume wangu akinisomea mwandiko wa padri kwa taabu. Tukamkuta: María, miaka minane hivi, Navajó. Sensa ya 1880 inamwonyesha nyumba ile ile, mtumishi. Wazee wa ukoo humwita criada, yaani aliyelelewa. Kwetu pwani mtumwa aliyezaliwa kwa bwana aliitwa mzalia. Neno lile sikuhitaji kutafsiriwa.

(Shemeji alipima DNA. Majibu yalisema ana damu ya wenyeji wa Marekani. Ya kabila gani, kimya.)

Uraia wa Taifa la Wanavajo unataka angalau robo ya damu, na mama mkwe kwa hesabu yetu ana moja ya nane. Hilo halikumsumbua. Kilichomkaa ni kwamba kutoka kwa María hadi kwake ni wanawake watupu, mama kwa binti, kwa hiyo ukoo anao mpaka leo, ila hakuna karani wala padri aliyeuandika.

Nilipomwonyesha mchoro wa familia, aliomba kalamu. Akalikata jina la yule bwana nililoliweka mbele ya María, akanirudishia karatasi.