Tumegombania upepo

Wiki nzima hatukusemeshana vizuri, na chanzo ni upepo. Si pesa, si ratiba, wala si nani alale chumba kimoja na nani. Upepo.

Tuko wanne. Mwalimu, anayefundisha jiografia na kuiamini ramani kuliko macho yake. Mhasibu, ambaye hata maandazi ya njiani ameshayaingiza kwenye jedwali. Shoga yangu wa tangu kidato cha kwanza, aliyeingia kwenye safari hii ya baiskeli kwa sababu mimi nimeingia. Na mimi, mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyekuja Dar es Salaam miaka 11 iliyopita na begi moja la nguo. Majina yao nayaacha. Kila mmoja ana bosi wake na ruhusa yake ya kuomba.

Tangu hapo nimekwenda na kurudi Tanga kwa basi mara zisizo na idadi, kwa Chalinze na Segera, kilomita kama 350, na njia nzima bahari huioni hadi umefika mjini. Watu wa pwani mbili tunaotembeleana kwa kupitia bara! Ndipo Mwalimu akatandaza ramani mezani siku moja tukila mihogo na pweza, akapitisha kidole: Bagamoyo, Saadani, Mkwaja, Kipumbwi, Pangani, Tongoni, Tanga. Siku tano kwa baiskeli, akasema, kama hatukimbizani. Tukaamua Saba Saba, tuongezee siku mbili tatu za likizo.

Mpango wa kwanza ulikuwa huu: tupakie baiskeli kwenye basi hadi Tanga, tulale kwa mama, kisha tuendeshe kurudi Dar. Mhasibu ndiye aliyeutetea zaidi. Mtu akirudi nyumbani, alisema, kila jioni anajua amekikaribia kitanda chake. Hakuna aliyepinga. Hata mimi niliona ina akili.

Halafu nikampigia simu mjomba. Mjomba alikuwa nahodha. Alipeleka majahazi Pemba, Unguja na Mombasa tangu mimi sijazaliwa, na sasa magoti yamemweka barazani. Nilitaka kumuuliza habari za pantoni la Pangani tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Baba wa watu hujamleta bado?"

Tukalipita hilo. Nikamweleza safari. Akasikiliza, akauliza mwezi gani, nikasema Julai. Akauliza tunatoka wapi tunakwenda wapi. Nikasema Tanga kuja Dar. Kimya. Nikadhani salio limeisha.

"Julai," akasema. "Kusi ndiyo limesimama. Na nyinyi mnakwenda kusini. Nani kawatuma?"

Akanisomesha kama mtoto wa madrasa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi karibu na masika, hapo ndipo vyombo vilikuwa vikishuka kutoka Arabuni. Baada ya hapo upepo hugeuka, kusi likashika, na Juni na Julai ndipo lina nguvu zake. Jahazi lililotaka kwenda Dar mwezi huo lilipiga bisha mchana kutwa, likienda upande huu na upande ule, na jioni mabaharia wakiangalia nchi kavu wanauona mnazi uleule wa asubuhi. "Na hao walikuwa na tanga," akasema mjomba. "Nyinyi mna nini?"

Nikaliandika kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilipendekeza tugeuze: tutoke Dar, twende Tanga, upepo utusukume. Kumbe nimechokoza nyuki. Mwalimu akajibu kwamba mambo ya bahari ni ya bahari, barabarani kuna miti na vilima vya kukinga. Mhasibu akauliza kwa upole, ule upole unaouma, kama sasa tutapanga safari kwa kufuata wazee walioko barazani. Nikajibu vibaya. Shoga akatuma picha ya paka aliyejifunika uso. Siku tatu hakuna aliyeandika kitu.

Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa tumeshapanga kujipima Jumapili ile: Kigamboni hadi Kimbiji na kurudi. Hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyesusa. Saa kumi na mbili alfajiri tukakutana kwenye pantoni la Magogoni, tukasalimiana kama watu waliokutana msibani.

Njia ya Kimbiji inaelekea kusini. Hadi Mjimwema nilikuwa sawa. Baada ya Gezaulole upepo ukaamka nasi, na miti ya Mwalimu sikuiona ilipojificha. Nilikanyaga pedali kama napanda ngazi isiyo na mwisho. Nikiacha tu kukanyaga, hata penye mteremko, baiskeli inasimama. Skafu yangu ilikuwa nyuma yangu imenyooka kama bendera ya kituo cha polisi. Wenzangu walikuwa mbele, wadogo, kisha wadogo zaidi. Tulitumia saa tatu na nusu kufika, na pancha mbili ndani yake, zote za Mhasibu.

Hizo pancha nazo zina hadithi. Baiskeli yake ni ya mtumba, nzuri kweli, nyepesi kama ungo, lakini tyubu zake zina valvu nyembamba, na pampu tuliyobeba ni ya valvu nene. Tukakaa kando ya barabara tukiitazama kama watu waliopewa barua ya Kichina. Akapita kijana na Phoenix yake kuukuu, nyuma kafunga ndoo mbili za samaki, akatoa mfukoni kipande kidogo cha shaba cha kugeuzia valvu, akajaza upepo, akakataa hela, akaondoka. Samaki wake walikuwa na uzito kuliko mizigo yetu yote ya safari ya siku tano. Mhasibu aliandika kwenye simu yake: *kipande cha shaba, viwili.*

Pale Kimbiji tukanywa madafu, hatusemi sana. Kisha Mwalimu, akiangalia bahari wala si mimi, akaanza kusimulia habari za Vasco da Gama. Nikajua anaomba radhi kwa njia yake. Mwaka 1498, alisema, Wareno waliondoka Malindi mwezi wa Aprili na rubani anayezijua pepo, wakavuka hadi India kwa siku zisizofika thelathini. Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi. Kuvuka kulekule kukawachukua takriban miezi mitatu, watu wakafa kwa kiseyeye, na walipofika pwani yetu mwanzoni mwa 1499 mabaharia hawakutosha tena kuziendesha meli zote tatu. Wakaichoma moja, São Rafael, hapo karibu na Tongoni.

"Tongoni yetu?" Shoga akauliza.

"Tongoni yetu. Tutapita pale."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mjomba wako," akasema, "ana ushahidi."

Kurudi kulituchukua chini ya saa mbili. Kuna mahali niliinuka, nikakaa wima kwenye kiti, nikaacha kukanyaga, na baiskeli ikaendelea kwenda. Mgongo wangu wenyewe ulikuwa tanga. Nilicheka peke yangu kama mwehu, na mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo akacheka nami bila kujua tunacheka nini.

Basi tumegeuza. Tunatoka Dar Jumamosi, tunalala Bagamoyo, kilomita kama 65. Siku hiyo sina wasiwasi nayo. Ya pili ndiyo inayokula mikutano yetu.

Njia ya siku ya pili inaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na Saadani si bustani. Kuna simba, tembo na nyati, na Mto Wami unaoingia baharini kusini ya kijiji una viboko na mamba. Mwalimu anataka tuombe kibali cha kupita kwa baiskeli tukiwa na askari wa hifadhi. Anasema tukipakia baiskeli kwenye gari, hata kwa kipande hicho tu, safari itakuwa na kiraka. Mimi nasema pikapu. Simba hatauliza kama nia yetu ilikuwa kukamilisha. Na baiskeli kwa mnyama ni kitu kibaya: haina kishindo kama gari, kwa hiyo unamtokea ghafla, na ina kasi ya kitu kinachokimbia, kwa hiyo anakufuata. Kura zilikuwa tatu kwa moja. Mwalimu amekubali kwa sharti kwamba asikae mbele na dereva. Atakaa nyuma na baiskeli, awe kama anaendesha.

Tena kuna mbung'o. Hili lilimuuma Mhasibu, maana alishatutengenezea fulana za sare, buluu iliyokolea, zimeandikwa mgongoni. Mbung'o wanapenda buluu na nyeusi. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Angekuwa ametuvalisha mitego wanne. Fulana zimebaki kwa ajili ya picha ya siku ya mwisho, na tumenunua nyingine rangi ya maziwa, mtumba wa Karume, kila moja na maandishi yake. Yangu ina jina la timu ya kuogelea ya mahali nisipopajua.

Shoga ana ombi moja tu tangu mwanzo: anataka aendeshe mchangani, kando ya maji. Nikamuuliza mjomba (sasa kila kitu namuuliza). Akasema mchanga mkavu utawazika, ila maji yakitoka huacha kaukanda kagumu kama sakafu. Mwezi ukikaribia kutimia maji ya bamvua hupwa mbali, na hupwa asubuhi, saa tatu, saa nne. Nikatazama kalenda: siku tutakayoteremka kutoka Kipumbwi kuelekea Ushongo mwezi utakuwa umebakiza siku mbili. Shoga nilipomwambia alinikumbatia hadi nikamwaga chai. Fundi wetu wa Magomeni hakufurahi hata kidogo. Chumvi, alisema, itakula cheni kabla hamjafika Pangani. Tumeahidi kuziosha kwa maji ya kisima jioni ileile na kuzipaka mafuta, na nadhani hakutuamini.

Kutoka Ushongo ni mwendo mfupi hadi Bweni, tuvuke mto, tulale Pangani mjini. Hapo Mwalimu atatupeleka kutuonyesha mambo ya Abushiri, aliyenyongwa mjini humo Desemba 1889 baada ya kuwatoa jasho Wajerumani. Ameshatuandalia mhadhara. Tumempa dakika ishirini.

Kuna jambo sijawaambia. Baada ya Kimbiji nilishindwa kukaa. Siku mbili nilifanya kazi nimesimama, ofisini nikasema ni mgongo. Sijawahi kuendesha siku mbili mfululizo, sembuse tano, na kila wanapouliza nani ana wasiwasi, mimi ndiye wa kwanza kusema hakuna tatizo. Pengine ndiyo maana nilimpigania mjomba kwa ukali ule. Nilijua upepo wa uso utawaonyesha wote mimi ni nani.

Lakini mbona nakwenda? Nimejiuliza usiku. Tanga baiskeli ni miguu ya watu. Mama yangu alikuwa akinipakia kwenye karia, buibui kalikunja vizuri lisiingie kwenye cheni, tunakwenda sokoni, ananiambia tanua miguu, tanua miguu. Siku moja sikutanua. Kisigino changu cha kushoto kina kovu la spoki hadi leo. Aliniteremsha, akanifunga kwa ncha ya kanga, akanipandisha tena, tukaendelea sokoni, maana samaki hawakungoja. Nilipoondoka mjini niliondoka kwa basi, usiku, nimelala. Nataka safari hii niingie nikiwa macho.

Jana nikampigia mama kumweleza mpango mpya, kwamba tunakuja kwake, hatuondoki kwake. Nilimwandalia majibu ya simba, ya barabara, ya wanaume wawili na wanawake wawili. Hakuuliza hata moja.

"Mko wangapi?"

"Wanne, mama."

"Wenye njaa?"

"Sana."

"Wali ukilala unakuwa mawe. Siuinjiki hadi nijue mko wapi."

Nikamwambia nitampigia tukiwa Tongoni, zinabaki kilomita kama 20. Akakokotoa, nikamsikia anahesabu kwa mdomo, nazi, kuchuja tui, moto.

"Upepo uko wapi siku hiyo?" akauliza.

"Nyuma yetu."

"Basi nipigie kabla ya Tongoni," akasema, akakata simu.

Kesho asubuhi naipeleka baiskeli Magomeni. Gurudumu la nyuma lina spoki mbili zinalia.