Twaa Gombo Lingine

Somo la juma hili: Yeremia 36 na 45

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nasema na kundi dogo kati yetu, wale wenye kitabu ambacho hakijaisha. Mnajijua. Wapo wanaoandika ushuhuda wa maisha yao, wapo wenye mafundisho waliyoanza kuyakusanya tangu walipookoka, wapo wenye riwaya, wapo wanaoandika habari za wazazi wao ili wajukuu waje wazisome. Mswada uko kwenye daftari, kwenye simu, au kwenye kompyuta ambayo siku hizi haiwashwi. Mkiulizwa mnajibu, "Naendelea nao," na moyoni mnajua mara ya mwisho mliugusa lini. Ninyi msioandika nisomeni hata hivyo, maana pengine mnaishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo na hamjui la kumwambia.

Nami nimo katika kundi hilo. Mswada wangu ulilala katika sura ya saba kwa miaka minne. Sikuugua, sikuhama, sikufiwa. Niliacha tu. Kila niliporudi nilianza kusoma sura ya kwanza, nikaisahihisha, nikabadilisha sentensi ya ufunguzi, nikachoka, nikafunga. Sura ile ya kwanza nimeiandika mara nyingi hata hesabu imenipotea, na wakati huo wote sura ya nane haikuwa na neno hata moja. Aliyenirudisha mezani ni mtu mmoja wa Biblia ambaye nilizoea kumpita haraka kila nilipomsoma Yeremia: Baruku mwana wa Neria, mwandishi.

Ni mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu, karibu mwaka wa 605 kabla ya Kristo. Yeremia amekwisha kuhubiri miaka 23, yeye mwenyewe anaihesabu katika 25:3, na sasa anaagizwa kuandika kila neno alilopewa tangu siku za Yosia. Hebu pimeni uzito wa agizo hilo. Miaka 23 ya mahubiri, maombolezo na maonyo, yote yatoke kinywani tena na kuingia katika gombo moja. Yeremia anatamka, Baruku anaandika. Baadaye wakuu walipomhoji Baruku ameyaandikaje maneno yale, alijibu kwa ufupi ninaoupenda sana: alinitamkia kwa kinywa chake, nami nikayaandika kwa wino kitabuni. Basi. Hakueleza msisimko wala maono ya usiku. Kulikuwa na kinywa, mkono na wino. Na mwaka uligeuka kabla gombo lile halijasomwa mbele ya watu hekaluni, mwaka wa tano, mwezi wa tisa. Wanaodhani neno la Mungu liliandikwa kwa kupepesa jicho wazisome tarehe hizo mbili pamoja.

Kisha likafika kwa mfalme. Amekaa katika nyumba yake ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Yehudi, aliyetumwa na mfalme kulileta gombo, anasoma. Akimaliza kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni. Anasoma tena, zinakatwa tena. Watatu wa wale wakuu, Elnathani, Delaya na Gemaria, wanamsihi asilichome, hasikii. Iliendelea hivyo mpaka gombo lote likaisha. Mtu aliyewahi kuandika ataelewa kwamba kulitupa lote kwa mkupuo mmoja kungekuwa na huruma zaidi. Huyu alilisikiliza kwanza, kipande kwa kipande, ndipo akalichoma. Baruku hakuwepo chumbani. Yeye na Yeremia walikuwa wameambiwa wajifiche. Habari zilimfikia mafichoni. Maandishi hayasimulii alisema nini alipozipokea, na mimi siwezi kumsemea, ila nimekaa na ukimya huo asubuhi nyingi.

Ndipo linakuja neno la Bwana katika mstari wa 28: "Twaa wewe gombo lingine."

Angalieni lisilokuwemo katika neno hilo. Mungu aliyeelesha chuma cha shoka juu ya maji kwa mkono wa Elisha hakulirudisha gombo kutoka kwenye majivu. Hakuna malaika aliyelileta likiwa zima usiku. Kuna gombo tupu, wino, na mwandishi yule yule. Waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi waliujua ufundi, na mwandishi naye ni fundi kama mhunzi. Na mwisho wa sura ile kuna maneno ambayo nimeyapigia mstari mara mbili: gombo la pili liliandikwa maneno yote ya lile la kwanza, "tena maneno mengine mengi kama yale yakatiwa humo." Kitabu cha Yeremia tunachokishika leo hakikutoka katika gombo la kwanza. Lile ni majivu. Tunasoma kazi ya watu walioketi tena.

William Carey, mmisionari wa Uingereza aliyefika India mwaka wa 1793, alipata jambo la kufanana na hili. Usiku wa tarehe 11 Machi 1812 kiwanda cha uchapaji cha misheni yao huko Serampore kiliungua, na miswada yake ya miaka mingi ya tafsiri, sarufi na kamusi ikateketea humo. Yeye alikuwa Calcutta akifundisha. Wenzake waliokota madini ya herufi yaliyoyeyuka wakayasubu upya, na yeye akarudi kwenye tafsiri. Katika kuueleza msiba ule aliandika kwamba hasara ni nzito, lakini njia inayopitwa mara ya pili huwa nyepesi na ya uhakika zaidi. Nakumbuka hilo kila ninapomsikia mtu akilia kwamba amepoteza faili la sura tatu. Lia, ndugu yangu, ni haki yako kulia. Ila sehemu ya sura hizo bado iko ndani yako, na mara nyingi ni ile sehemu iliyo bora.

Lakini wengi wetu hatukuchomewa kitabu na mfalme. Tulichoka tu. Kwa hiyo sura ya 45 ndiyo inayotugusa karibu zaidi. Ni sura fupi mno, mistari mitano, na imewekwa mbali na kisa cha moto, hata msomaji hasikii kwamba ni habari ya mtu yule yule katika kazi ile ile. Someni mstari wa kwanza polepole: ni neno alilopewa Baruku alipoyaandika maneno hayo kitabuni, katika mwaka wa nne wa Yehoyakimu. Mwaka wa nne! Moto ulikuwa mwaka wa tano. Baruku alichoka kabla ya kijembe na kabla ya makaa. Alichoka akiwa anaandika, hakuna adui aliyemgusa bado, na alisema maneno ambayo mimi ningeona aibu kuyasema mbele za watu: "Ole wangu! Nimechoka kwa kuugua kwangu, wala sioni raha."

Katika miaka ile minne nilidhani uchovu wangu ni dalili kwamba sikuitwa. Nilisema, kama kazi hii ingetoka kwa Mungu ingekuwa inatiririka. Na tazama, mtu aliyeandika maneno ya nabii, akiwa ameketi hatua mbili kutoka kinywani mwa nabii, anaugua katikati ya kazi. Uchovu wake haukuwa ushahidi wa kukataliwa. Ulikuwa uchovu wa mtu anayefanya kazi ndefu.

Mungu anamjibu kwa swali ambalo lilinikata: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute."

Wahubiri wengi huutumia mstari huu kumkemea mwenye tamaa ya cheo, na sina ugomvi nao. Ila nikiusoma kama mtu wa mswada nausikia ukifungua mlango. Kwa nini nilikuwa nairudia sura ya kwanza? Kwa sababu nilitaka iwe kuu. Nilikuwa nikiandika sentensi huku nikijiuliza watu watasemaje, nikailinganisha na sentensi za waandishi walionizidi mbali, nikaifuta. Sura ya nane ilinitisha kwa sababu nilijua itakuwa ya kawaida, na maadamu haijaandikwa ilibaki kamilifu kichwani. Kitabu kisichoandikwa hakina kosa. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tumekwama, na tunapaita kukosa muda. Mungu hakumwambia Baruku ataandika kitu kikubwa. Alimwondolea huo mzigo kabisa, akamwahidi uhai wake uwe nyara, yaani atasalimika, popote aendapo, kisha akamwacha na wino wake. Naye Baruku akaendelea. Hata gombo lilipoungua akaendelea, na nashawishika kwamba aliweza la pili kwa sababu alikuwa ameshaachana na mambo makuu wakati wa la kwanza.

Sasa nisieleweke vibaya. Si kila mswada ni agizo. Kuna kitabu nilichokianza kwa hasira dhidi ya mtu fulani, nikakiacha, na namshukuru Mungu kwamba nilikiacha. Wewe mwenyewe peleka wako mbele zake, umwulize kwa uaminifu. Ila ukiona kimekaa miaka mitatu kabatini na bado kinakuamsha usiku, usiharakishe kusema Mungu amekifunga.

Jambo lingine, msiandike peke yenu. Augustino, askofu wa Hippo, alianza kuandika juu ya Utatu Mtakatifu, na kabla hajakimaliza kitabu cha kumi na mbili watu wenye haraka walizitwaa nakala na kuzisambaza bila ruhusa yake. Aliumia, akaamua kuiacha kazi. Waliomrudisha ni ndugu waliomsihi, na askofu mwenzake Aurelio aliyemwagiza aendelee. Vikatimia vitabu 15, na katika barua ya kuvipeleka kwa Aurelio alisema kwamba alivianza akiwa kijana na kuvitoa akiwa mzee. Tafadhali rudieni sentensi hiyo ya mwisho, ninyi mnaojilaumu kwamba mmekawia. Na ninyi mlio ndugu wa mwandishi, msimwulize tu "kitabu kitatoka lini?" Swali hilo humfunga mdomo. Mwulizeni umefika wapi, umekwama wapi, nisomee ukurasa mmoja. Yeremia alimtamkia Baruku neno kwa neno. Wengi wetu tungefika mbali kama tungekuwa na mtu mmoja tu wa kuketi naye.

Nimeombwa niseme pia nilivyotoka kwenye sura ya saba, basi nitasema, ingawa ni mambo madogo. Nilijikataza kuifungua sura ya kwanza mpaka ya mwisho iwe imeandikwa. Nikajiwekea maneno 300 kwa siku, siku tano za juma, baada ya maombi ya asubuhi na kabla ya kugusa simu. Maneno 300 ni ukurasa mmoja au pungufu, mtu hawezi kujisifia hayo. Lakini kwa majuma 52 ni maneno 78,000, nacho ni kitabu kizima. Bandu bandu huisha gogo. Sikuitimiza kila siku, kuna majuma niliandika siku mbili. Kilichonisaidia kuliko hesabu ni kuacha sentensi nikiwa bado najua itakavyoendelea, ili kesho yake nisianze kwenye ukurasa mtupu. Na Jumapili siandiki. Sioni kwamba Mungu aliyepumzika siku ya saba ananidai sura siku hiyo.

Zipo asubuhi ambazo nilichoandika ni kibaya, na nakijua kuwa kibaya hata kabla sijasimama kitini. Nimejifunza kukiacha kama kilivyo. Rasimu ya kwanza ni gombo la kwanza. Litakuja lingine, na ndani yake yatatiwa maneno mengi kama yale. Kwa mtu niliyekuwa nikifuta kila kitu, huu umekuwa uhuru ambao sikuutazamia.

Kwa wale watakaoketi na somo hili juma zima: someni sura ya 36 yote Jumatatu, bila ya maelezo ya mtu yeyote. Jumanne someni ile mistari mitano ya sura ya 45, kisha mkae kimya na swali la Mungu mpaka mjue mnalijibuje. Siku zinazobaki msisome zaidi. Fungueni mswada mahali pale mlipouachia, si mwanzoni, na muandike sentensi inayofuata.

Sura ya nane ilinichukua majuma saba. Ni fupi, ina ukurasa mmoja ninaouonea haya, na imeisha. Sasa niko ya kumi na moja kati ya kumi na tatu. Leo alfajiri nimeacha sentensi nusu mezani, na najua neno litakalofuata. Niombeeni, nami nawaombea kila mmoja kwa jina, pamoja na miswada yenu.