Mkono Uliosahau Kurusha Mpira

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimekaa na Mhubiri 9:11, pale anaposema kwamba si wenye mbio washindao katika michezo, na kila nikiusoma mstari huo namkumbuka Ana Ivanović, binti wa Belgrade aliyepata kuwa nambari moja wa tenisi ya wanawake duniani.

Mwanzo wake husimuliwa sana. Mabomu ya NATO yalipoiangukia Belgrade mwaka 1999 alikuwa na umri wa miaka 11, akienda mazoezini alfajiri. Na majira ya baridi alicheza ndani ya bwawa la kuogelea lililoondolewa maji na kutandikwa zulia, kuta zikiwa karibu mno hata mpira wa mshazari haupigiki. Juni 2008, akiwa na miaka 20, alimshinda Dinara Safina 6-4, 6-3 katika fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Paris.

Wengi wetu tukihubiri tungeishia hapo, maana kwetu ushuhuda huitwa kwa waliofika. Lakini kileleni Ana alikaa majuma 12 tu. Agosti ya mwaka uleule, akitoka kuuguza kidole gumba, alitolewa katika raundi ya pili ya mashindano ya Marekani na Julie Coin, aliyeshika nafasi ya 188.

Kisha mkono wake ukamkataa. Katika tenisi, pigo la kuanzia ndilo pekee ambalo mchezaji hamngojei mpinzani: mpira ni wake, naye huurusha juu anapokuwa tayari. Hapo ndipo alipokwama. Aliurusha, ukaenda kombo, akaudaka. Akaudundisha chini, akaurusha tena, ukaenda kombo tena, maelfu ya watu wakitazama kimya. Kushindwa na mwenye nguvu kunaeleweka. Kushindwa na jambo ulilolifanya tangu utotoni, wala hakuna aliyekuzuia, ni unyenyekevu wa namna nyingine kabisa.

Mwaka 2010 aliporomoka hadi nje ya 60 bora. Akaendelea kuamka na kurusha. Mwaka 2014 alimtoa Serena Williams katika mashindano ya Australia huko Melbourne, akatwaa mataji manne na kumaliza mwaka akiwa wa 5, ingawa ubingwa mkubwa kama ule wa Paris hakuupata tena. Kwangu mimi, miaka hii ndiyo mizito kuliko ile Jumamosi ya Roland Garros.

Tarehe 28 Desemba 2016, akiwa na miaka 29 na mataji 15, alitangaza kustaafu, akikiri kwamba mwili haukumruhusu tena kufikia kiwango alichojiwekea.

Katika maombi ya juma hili, kila mmoja amtaje mtu mmoja ambaye kazi yake ya siku zote imeanza kumshinda. Mimi nitamtaja mzee wa kwaya yetu, ambaye sauti ya tatu imemkatikia, na bado kila Alhamisi hufika wa kwanza kupanga viti.