Sauti Iliyokosa pa Kusimama

Mjomba wangu alikuwa na masikio makali, na ndiyo maana zile spika zilimnyima raha. Alizinunua zikiwa zimeshatumika: makasha mazito ya mbao, koni pana zinazotetemeka kutoa sauti, ukizitazama huoni kasoro. Lakini kila santuri aliyoipiga ilitoka nyembamba. Besi hakuna, na mwimbaji hujui amesimama wapi.

Kwanza akashuku sindano, akaweka mpya. Akashuku ampu, kile kikuza sauti. Akanunua waya nene kuliko zile za awali. Mwisho akazigeukia santuri zenyewe: alizoona zimerekodiwa vibaya akawa anazitenga kwenye boksi, na boksi likazidi kujaa.

Ndipo akaja rafiki yake, mzee aliyeishi kwa ufundi wa redio na ampu. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, kazi yangu ilikuwa kugeuza santuri. Mzee hakugusa kitu. Aliketi katikati ya spika mbili, akaomba santuri ya mono.

Nilishangaa, maana za stirio, zenye sauti tofauti kulia na kushoto, tulikuwa nazo tele. Baadaye nilielewa. Mono hutoa sauti ile ile kulia na kushoto, kwa hiyo aliyekaa katikati anatakiwa amsikie mwimbaji mbele yake kabisa, mahali ambapo hakuna spika. Hadi leo sijazoea ajabu hiyo, na sitaki kuizoea. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI aliyeomba hataza ya stirio nchini Uingereza mwaka 1931, alijua kwamba tukipewa spika mbili tu, masikio na ubongo vitajaza nafasi iliyo kati yake.

Siku ile nafasi hiyo haikuwa na mtu. Sauti ilitapakaa chumbani, haina kwao.

"Mjukuu wangu, hebu nitafutie betri ya tochi."

Nikamletea, ya voliti 1.5. Alizima ampu, akachomoa waya, akavua vitambaa vya mbele ya spika. Akagusisha chanya ya betri kwenye kiungio chekundu cha spika na hasi kwenye cheusi, mara moja tu. Tup! Koni ikasukumwa nje. Akahamia spika ya pili, rangi zile zile. Tup! Nilikuwa nimeinama karibu kabisa, nikaona ukingo wa mpira unanywea na koni inarudi ndani.

"Umeiona?"

"Nimeiona, babu."

Alipofungua kasha tulikuta nyaya mbili za ndani zimepishana. Fundi fulani wa zamani alizichomelea kinyume, akafunga, na nje kila kitu kikabaki na rangi yake sahihi. Kwa hiyo spika moja ilipokuwa ikisukuma hewa, nyingine ilikuwa ikiivuta. Besi ndiyo huumia zaidi kwa hali hiyo: wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo spika zilizo mita chache tu kati yake huliua karibu lote. Mawimbi ya sauti za juu ni mafupi, ya sentimita chache, nayo hukutana ovyo ovyo, hapa yanafutana, pale yanaongezana. Ndiyo maana muziki haukunyamaza, ulikonda tu.

Mzee alichomelea upya, nikarudisha santuri ile ile. Besi ilinifikia kifuani kabla sijakaa. Na mwimbaji alikuwa pale kati, urefu wa mtu aliyesimama. Nikasogeza kichwa kidogo kulia, naye akasogea. Mjomba alimuuliza mzee kuhusu zile waya nene. Akajibiwa aziache, hazina ubaya wowote.

Usiku huo hatukulala mapema. Mjomba alilivuta lile boksi, tukazipiga santuri zote alizozitenga, moja baada ya nyingine, upande A na upande B. Karibu zote zilirudi rafuni. Moja tu ndiyo ilikuwa mbovu kweli, tundu lake la katikati limetobolewa upande, na sauti ikawa inapanda na kushuka kila mzunguko.